Sufu ya Kidari Ndani ya Gunia la Leoncio

Eudocia Ccama hakuwa mtu wa makelele mpaka siku alipoteremka mjini Arequipa kugombana na kiwanda cha sufu. Kiwanda kilikuwa kimeishusha sufu ya kijiji chetu kizima, Pampa Wallata, hadi daraja la mwisho, la kutengenezea mazulia. Mazulia! Sufu ya alpaka, wanyama wetu wa milimani, tuliowalea kwenye baridi ya kupasua mawe! Tulimtuma yeye kwa sababu ni mjane asiyemwogopa mtu.

Akawatukana kisawasawa. Aliwaita wezi wenye tai. Mpokeaji sufu alichukua kisu. Alikata kamba ya robota letu, akaingiza mkono katikati, akatoa rundo la sufu ya kidari na miguu, ngumu kama mkia wa farasi, imejaa mchanga.

"Na hii je, mama? Nayo tumekuibia?"

Eudocia alirudi nyumbani kwa basi. Aibu iligeuka hasira, na hasira yenyewe haikuwa tena ya kiwanda, bali ya mwenzetu aliyeificha sufu ile.

Chama chetu cha wafugaji kilipopata mashine ya kupimia unene wa sufu, yeye ndiye aliyeomba kufundishwa. Unakata kishungi kidogo, unakitandaza kwenye kioo, unafunga kifuniko, namba inatokea. Ikiwa chini ya mikroni ishirini na tatu, sufu hiyo utaivaa shingoni na kuisahau. Ikipita thelathini, inawasha kama upupu.

Msimu wa kukata sufu ulipofika, watu walipanga magunia uwanjani. Leoncio Yanque akaja na lake, anachekacheka. Eudocia ndiye mama wa ubatizo wa binti yake, kwa hiyo waliitana kompadre na komadre, na kwetu udugu huo ni mzito kama wa damu.

"Pima hapa juu, komadre, tukanywe pombe ya chicha."

"Hapo juu umenipangia wewe," Eudocia akasema, akazamisha mkono hadi kwapani. Alichotoa ni sufu ya kidari. Akaipukuta mchanga, akapima. "Thelathini na nne."

"Mashine yako imelewa!"

"Mashine hainywi, kompadre. Kumbe ni wewe! Nimewatukana watu wa watu mjini kwa ajili ya uchafu wako!"

"Ndiyo univue nguo hadharani, kwa ajili ya nywele tu?"

"Umejivua mwenyewe."

Nilikuwepo, na aliyenichefua zaidi si Leoncio. Ni wale waliosimama pembeni wakinong'ona kwamba Eudocia amewauza wenzake kwa wenye viwanda. Mwenyekiti wetu, Bonifacio, alithubutu hata kumsihi.

"Mpitishie mara hii tu, mama. Si mtu wa kwenu huyu?"

"Na waliokuja na sufu safi ni watu wa wapi?" Eudocia akasukuma mashine mbele yake. "Haya, mpitishie wewe. Pima!"

Bonifacio hakuigusa. Ndipo mke wake alipoinuka, akaliburuta gunia lao na kulimwaga lote juu ya turubai. Katikati, sufu ya kidari nusu gunia! Mwenyekiti akawa anaangalia milima.

"Mnatuaibisha," mama yule akasema, akapiga magoti, akaanza kuchambua. Wanawake wengine wakamwaga magunia yao. Tulichambua mpaka jua likazama, na Eudocia akapima upya gunia baada ya gunia.

Leoncio aliondoka na la kwake, akamuuzia mchuuzi apitaye na lori. Mwaka ule kiwanda kilipokea sufu yetu katika daraja la laini. Wale wanong'onaji wakanywa na kucheza siku tatu, na sikumsikia hata mmoja akimwomba Eudocia radhi.

Binti wa Leoncio alipoolewa, mama yake wa ubatizo hakualikwa. Shali jeupe alilomfumia lilirudishwa, likatupwa mlangoni kwake kama kitambaa cha kudekia. Eudocia aliliokota, akalikung'uta vumbi, akajifunga mwenyewe. Akaenda kanisani asubuhi ile ya harusi, akaketi benchi la mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwinua.