Kifungu cha Saba

Hata ninapoandika tarehe juu ya barua, nikifika kwenye saba mkono wangu husita. Si kwamba sijui kuiandika. Ni kwamba nasikia mtu amesimama nyuma yangu, anangoja aone nitaandika nini.

Mwaka niliomaliza shule, mtaalamu wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya alipiga hema Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, mwenye kutafuta mizizi ya dawa. Bibi yangu, mzaa mama, aliijua mizizi hiyo kuliko mtu yeyote upande wetu wa Visiga. Mmoja, wa kushusha homa ya watoto, huota kwa wingi mahali pamoja tu: katika msitu wa makaburi, walikolala watu wa ukoo wetu, na juu yao vimesimikwa vichwa vya mti vilivyochongwa. Nje ya msitu mzizi huo upo, lakini ni wa kutafuta.

Bibi alikubali kumwonyesha kwa sharti moja. Achimbe nje, msituni jembe lisiingie. Mtaalamu akasema sharti hilo litaandikwa katika mkataba, likawa kifungu cha saba. Mimi niliitwa kuandika nakala ya Kiswahili, kwa sababu naandika polepole na sidondoshi wino.

Nilidhani mkataba ni kati yetu na yeye. Kumbe ulikuwa kati ya chuo chake na kampuni ya dawa iliyogharimia safari yake. Sisi tulikuwa ndani yake kama kifungu.

Niliusoma barazani kwa jumbe. Kila kifungu wazee waliitikia "naam," na cha saba bibi aliitikia peke yake, kwa sauti, kisha akaweka kidole gumba. Karatasi ikapelekwa Boma, Kisarawe, ikagongwa muhuri, ikaenda Ulaya.

Baada ya miezi miwili ikarudi imejaa mistari myekundu. Mtaalamu alinieleza kwamba chuoni kwao ipo ofisi ambayo kazi yake ni kusoma mikataba ya namna hii neno kwa neno kabla mkubwa wao hajatia sahihi. Kampuni ilitaka yote yatakayogunduliwa yawe mali yake, na mtu asichapishe lolote mpaka iruhusu. Chuo kilikataa, kikasema watu wake lazima wachapishe wanachokiona. Hicho kilikuwa kifungu cha nne, nao walibishana juu yake masika yote, barua zikienda na kurudi. Katika nakala ya pili kifungu chetu kilikuwapo bado, ila kimeongezwa neno: msitu usiingiwe, inapowezekana. Nikanakili.

Ya tatu ilipofika, nilinakili mpaka cha saba nikaweka kalamu chini. Kilisema mizizi itachimbwa popote itakapoonekana, kwa idhini ya chuo.

Mtaalamu aliona kidole changu kilipokomea. Hakunitazama.

"Chuo kimekipata cha nne," alisema. "Ilibidi kiiachie kampuni kitu."

Akafunga na kufungua kisanduku chake cha miwani, kisha akaniambia niwasomee watu wangu vizuri. Nikasema ndiyo. Nakala yangu ile haikuwa na kosa hata la nukta.

Siku ya baraza jumbe aliniambia nisome. Kabla sijafungua karatasi, mzee mmoja aliyependa mzaha akanikatiza.

"Tulikwisha sikia, bwana mdogo. Au umetuona tumeota masikio mapya?"

Watu wakacheka. Kwetu neno lililokubaliwa barazani limekwisha kukubaliwa, na anayetaka kulisikia tena ni kama amemwita mwenzake mwongo. Waliamini karatasi mpya ni neno lile lile lililovalishwa kanzu safi. Kisahani cha wino kikaanza kuzungushwa. Kilipofika kwa bibi, alinigeukia.

"Mjukuu wangu, ni yale yale?"

Nilitazama miguu yangu. Kwetu kijana akinyamaza mbele ya wazee amekubali, nami nilijua hivyo wakati ninanyamaza. Neno "hapana" lilikuwa mdomoni, nililihisi kama kokwa. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na tangu utotoni sikuweza kusema macho ya watu yakiwa juu yangu. Bibi akangoja kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akabonyeza kidole.

Kiangazi walikuja watu wengine na lori na majembe. Mtaalamu alikuwa amekwisha safiri. Walikaa siku nne. Walipoondoka bibi aliingia msituni, akarudi mapema, kikapu kitupu. Aliniambia nilete nakala yangu, nimsomee yote. Nilisoma. Kwenye cha saba alininyamazisha kwa mkono.

"Siku ile uliponyamaza, kilikuwa kimeandikwa hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwandiko wako mzuri," akasema.

Hakunigombeza, na mama alipouliza kuna nini alimwambia hakuna kitu. Asubuhi alinichukua msituni, mimi na jembe, yeye na kibuyu cha maji na unga wa mtama. Mashimo yalikuwa mengi, mengine yamefika katikati ya makaburi. Kichwa kimoja cha mti kilikuwa kimelala kifudifudi katika udongo mwekundu. Tulifukia mpaka jua likawa utosini. Bibi alikisimamisha kile kichwa, akakifuta uso kwa upande wa kanga yake.

Kisha alipiga magoti, akamimina maji na unga, akaanza kusema na waliolala. Aliwaambia kidole ni chake, lawama wampe yeye. Nilidhani amemaliza, nikainama kuokota jembe. Ndipo akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mbele mpaka nikawa karibu kabisa na kile kichwa, kama mgeni anayetambulishwa kwa wenyeji.

"Na huyu ni mjukuu wenu," akawaambia. "Huyu alijua."