Waya za Shaba Kwenye Kitako

Sir, mwajiri wangu Mwarabu huku Rashidiya ninakofanya kazi za nyumbani, alipoanza kukusanya bunduki kuukuu za vita, kazi ya kuzipangusa aliniachia mimi. Sikulalamika. Zilikuwa zimezibwa mitutu, kila moja na kibali chake, na zile za kukoki kwa mkono, risasi moja moja, nilizijua kwa hadithi. Babu yangu alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa Mwingereza, na alibeba ya namna hiyo katika vita asivyovianzisha yeye.

Ya tatu kuletwa ilikuwa na waya nyembamba za shaba zilizopigiliwa ndani ya mti wa kitako, duara ndani ya duara. Kwetu Ukambani viti vya wazee hutiwa waya hivyo hivyo, na asiye mzee havikalii. Keya fulani wa kwetu aliichukua bunduki ya serikali akaipamba kama kiti cha baba yake.

"Hizi toa zote," sir akaniambia. "Halafu piga msasa, ing'ae."

"Sir, hii ni kazi ya mtu. Hii ndiyo historia yenyewe."

"Historia yake ninayo kwenye karatasi. Yalla, toa."

"Hiyo mimi sitatoa, sir."

Mtu anakusanya historia, kisha anataka ikwanguliwe! Visa yangu iko kwake, na wanangu wawili wanasoma kwa kazi hiyo, kwa hiyo nilijua ninachezea nini. Lakini shaba ile singeigusa. Jumatano sir akazing'oa waya mwenyewe kwa koleo, juu ya meza ya chakula, akiguna. Mti ukapasuka. Akaitundika bunduki ukutani na ufa wake.

Ijumaa wakaja wageni. Mmoja alipitisha kidole kwenye ufa, akauliza ni nani aliyeiharibu bunduki nzuri namna ile.

"Askari wa Kiafrika," sir akajibu, hata hakupepesa macho. "Hawakujua kutunza kitu."

Mimi nilikuwa pale pale, dele la kahawa mkononi.

"Sir, kitako ulikipasua wewe, Jumatano, kwa koleo. Askari alikuwa amekitia shaba."

Nikamjazia mgeni kikombe chake, nikaenda kufungasha nguo zangu kabla sijaambiwa.