Nilipiga Paja Langu, Kifua cha Mjukuu Kikajaa

Makosa ni yangu mimi, mtu mzima na mvi zangu, wala shetani simsingizii. Jina langu niachieni mwenyewe. Kang'ata nilikotoka wananijua kwa kukanda watoto wachanga, na wakisikia haya watanicheka mpaka majembe yawadondoke.

Mjukuu wangu, nimwite Hoza, alizaliwa na ugonjwa wa makohozi mazito. Kila nikimbusu nilionja chumvi midomoni, nikadhani ni jasho tu la joto la Korogwe. Kumbe! Madaktari wa Dar wakautaja kwa jina refu la Kizungu, wakasema makohozi yake yananata kama ulimbo, hayatoki yenyewe. Lazima apigwepigwe kifuani na mgongoni asubuhi na jioni kabla hajanyonya, kwa kiganja kilichokunjwa kama unachota maji, ili yalegee akohoe.

Apigwe? Mtoto wa miezi minne? Lo! Kwetu kifua cha mchanga kinapakwa mafuta, kinasuguliwa taratibu. Hakipigwi kama ngoma!

Nikahamia kwa mwanangu, Manundu, hapo hapo Korogwe, ili nimsaidie mkwe wangu, nimwite Zaina. Asubuhi yeye yuko barazani na karai lake la vitumbua, wateja wamemzunguka. Akaniambia, "Mama, zamu ya asubuhi ushike wewe. Nimeshakuonyesha."

"Wewe pika vitumbua, mwanangu," nikamjibu. "Mimi nimelea watu ambao sasa hivi wana wajukuu."

Nikafunga mlango. Hoza akanitazama, akacheka na ufizi wake. Basi, mkono ukagoma kumpiga! Nikampaka mafuta, nikamsugua kidogo, nikamlaza. Halafu, aibu yangu hii, nikakunja kiganja nikaanza kupiga paja langu mwenyewe juu ya kanga. Pu, pu, pu, pu!

Zaina akisikia huko nje anaita, "Ahsante, mama!" Nami naitikia, "Haya, mwanangu!" huku napiga. Nikazoea, nikawa hodari, nikawa naimba na kaswida juu yake. Hoza anacheka, mimi nacheka, Zaina anauza. Nyumba ya raha kweli!

Raha yenyewe haikufika mwezi. Asubuhi moja Hoza alikataa titi. Anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani, kifua kinakoroma. Zaina aliacha vitumbua vikaungua motoni, tukapanda bajaji mpaka hospitali. Wakamwekea oksijeni na dawa za mshipa. Mimi nimekaa kwenye benchi nasoma kila dua ninayoijua, na zile nilizokuwa nimezisahau nazo zikarudi.

Mungu si Athumani, mtoto akapata nafuu. Ndipo akaja mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole. Akasema kifua kilijaa kupita kiasi, tumwonyeshe tunavyompiga mtoto. Nikaanza mimi, Hoza nimempakata, napiga mto wa kitanda. Pu, pu, pu!

"Bibi! Mkono ndio huo!" akasema. "Hata sisi wengine hatupigi vizuri hivyo." Kisha akamgeukia Zaina. "Basi labda mama ndiye anayekosea jioni."

Zaina akainama, machozi yakamdondoka. "Labda ni mimi. Labda sijui kumtunza mwanangu."

Yarabi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema yote pale pale, paja, kanga, mpaka kaswida.

Zaina akafuta machozi, akanikazia macho. "Mama, hilo paja lako lina makohozi?"

Akamchukua mwanawe mikononi mwangu, na siku ile nzima hakunipa tena nimshike. Nililia, jamani, tena kilio kile kilikuwa haki yangu.

Kesho yake mtaalamu ndiye aliyeniombea msamaha. "Mkono kama huu hautupwi," akamwambia Zaina. Basi nikampiga Hoza mwenyewe, juu ya shati lake, huku nangoja kilio. Wapi! Akafumba macho akaanza kusinzia. Mimi nimemwonea huruma siku zote zile, kumbe mwenzangu anaona anabembelezwa! Baadaye akashtuka akakohoa, makohozi yakatoka, na Zaina akapiga kigelegele mle mle wodini.

Sasa Hoza anakaa mwenyewe, mashavu hayo! Zamu ya asubuhi nimerudishiwa, ila mlango haufungwi tena.

Mabibi wenzangu, nawaambieni: ukionyeshwa jambo la mtoto usilolielewa, uliza. Bishana. Gomba ukitaka! Lakini usikubali mdomoni halafu ukafunge mlango ufanye yako. Huruma yangu ilitaka kutuzikia mtoto.

Na Zaina hajaniacha. Kila asubuhi akisikia pu, pu, pu, anachungulia na mwiko wake mkononi. "Mama, paja halijambo?"

"Halijambo, mwanangu," namjibu. "Limestaafu."