Maziwa ya Mwisho ya Vumilia

Vumilia nilimpokea kibandani kwangu, hapa Mwakitolyo, akiwa na mimba ya miezi minne, na kazi aliijua kuliko nilivyoijua mimi nikiwa na umri wake. Simsifii kila mtu. Waliopita mikononi mwangu wanaujua mdomo wa Mama Sufiani. Nauza chakula kwa wachimbaji wa dhahabu, na mchimbaji akitoka shimoni hana subira: sahani ikichelewa dakika tano anahamia kwa jirani. Ndiyo maana nafoka.

Alipomzaa mwanawe Makoye, alipumzika siku arobaini, kisha akarudi na mtoto mgongoni. Mumewe, Donatus, alikuwa akishuka shimoni alfajiri, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Nikamtandikia mkeka nyuma ya turubai. Mtoto akilia, Vumilia anakaa, anampa ziwa. Dakika mbili haziishi naita, "Vumilia, ugali dagaa mbili." Anainuka. Akirudi anampa ziwa la pili, nami naita tena. Kwa ule mkeka nilijiona mwajiri mwema kupita wote machimboni.

Miezi mitatu ilipokaribia, mtoto akaanza kunipa wasiwasi. Alikojoa vizuri na alinyonya kila mara, lakini mapaja yalikuwa membamba na kilio chake hakikuisha. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa umeacha kupanda. Vumilia alikuwa akiichukua ile kadi katikati ya kazi, anaitazama, anairudisha, halafu baada ya sahani nne anaitazama tena.

Ndipo akaja mama mkwe wake, Bibi Zipora, mfugaji wa ng'ombe kutoka Songwa, amebeba kibuyu cha samli. Alimshika mjukuu kwapani, akampima kwa mikono. Asubuhi yake akamkabidhi Vumilia glasi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kamua humu, mayu, kabla hajanyonya."

Kwao maziwa huachwa yatulie mpaka mafuta yapande juu, na kwa mafuta hayo wanajua ng'ombe gani ni wa samli. Akaiweka glasi kwenye rafu yangu, karibu na chumvi. Jioni tukachungulia. Juu palikuwa na utando kama uzi, na chini yake maziwa mepesi yenye rangi ya bluu bluu.

"Haya ni maji," akasema Bibi Zipora. "Mtoto anakunywa maji. Unakula mlenda tu, mafuta yatoke wapi?"

Basi Vumilia akaanza kulishwa. Samli kwenye uji, samli kwenye ugali, supu ya mafuta ya ng'ombe mpaka midomo inang'aa. Vumilia alikuwa akienda nyuma ya kibanda kutapika, anasukutua mdomo, anarudi kula tena. Na kila asubuhi glasi, kabla ya mtoto, na kila jioni uzi ule ule. Ikafika mahali akiamka anawaza rafu kwanza.

"Mama Sufiani," aliniuliza siku moja, mikono ndani ya sufuria, "mimi nina kasoro gani?"

"Kula tu," nikamjibu. Nilikuwa sijui lolote, ila mdomo wangu haukubali kukaa bure.

Kisha Bibi Zipora akatoa uamuzi. Siku ya mizani mtoto asipoongezeka, anakwenda naye Songwa. Ng'ombe wake wawili wamezaa, maziwa tele. Donatus alipoambiwa akatazama viatu vyake, akasema mama yake amelea watoto saba. Vumilia hakulia. Aliongeza kijiko cha samli. Mimi nilipatwa na hofu mpaka nikakosa usingizi, maana mtoto wangu wa kwanza alianzishiwa maziwa ya ng'ombe mapema, akaharisha, nikamzika. Sikumwambia Vumilia. Niliogopa kumwongezea mzigo.

Siku ya kliniki nilifunga kibanda, jambo ambalo sijalifanya hata nikiwa na malaria. Makoye akaning'inizwa kwenye mizani. Kilo nne na gramu mia tatu, kama mwezi uliopita. Bibi Zipora akakunjua kanga mpya aliyokuja nayo, akainama ili mtoto awekwe mgongoni kwake. Vumilia akamkumbatia mwanawe.

Nesi Asteria, mwanamke mpole asiye na haraka, akasema, "Subiri, bibi. Kwanza anyonyeshe hapa nimwone."

Vumilia akakaa. Mtoto akanyonya, na baada ya dakika mbili, bila kuitwa na mtu, Vumilia akamtoa akamgeuzia upande wa pili.

"Mbona umemtoa?"

"Nimezoea," akasema Vumilia. "Wateja."

Kila mtu pale alijua ni nani anayeita kwa niaba ya wateja. Nikatamani kuingia chini ya benchi.

Asteria akaeleza taratibu. Samli haiyafanyi maziwa ya mama kuwa mazito. Chakula kinabadilisha zaidi aina ya mafuta, si wingi wake: akila dagaa na samaki, mtoto anapata mafuta yanayojenga ubongo, kwa hiyo ale, lakini si mpaka atapike. Wingi wa mafuta unategemea ziwa limefika wapi. Likiwa limejaa hutoka mepesi, na kadiri linavyoelekea kwisha ndivyo yanavyokuwa mazito. Mtoto anayetolewa kila dakika mbili, asiyepewa muda wa kumaliza ziwa moja, mazito hayafikii.

Bibi Zipora alikuwa bado ameinama. Akasimama polepole.

"Hata ng'ombe," akasema. "Samli iko kwenye maziwa ya mwisho. Ndiyo tunayomwachia ndama."

"Na ndama akiondolewa kabla ya hayo?"

"Anakonda." Akaitazama kanga mikononi mwake. "Na mimi nilikuwa namkamulisha ya kwanza nikiyatukana."

Akakubali wiki moja, si zaidi. Jioni ile ile akataka glasi mbili, moja kabla ya kunyonya na moja baada ya mtoto kuliacha ziwa mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Ya pili ilipotulia, utando wake ulikuwa mnene kama ukucha. Vumilia aliishika glasi ile akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile. Hata hivyo mizani ilikuwa haijasema, na wiki ile nilibeba sahani mwenyewe, nikaunguza wali mara mbili na kuwafokea wateja badala ya Vumilia.

Wiki ilipoisha, mizani ikasoma kilo nne na gramu mia tano na hamsini. Asteria aliisoma mara mbili. Bibi Zipora akamweka Makoye mgongoni kwa Vumilia, akamfunga kwa kanga ile mpya, akaurekebisha mguu mmoja uliokunjika.

Mchana tukarudi kibandani, foleni imeshajaa. Vumilia alikuwa kwenye mkeka na mtoto. Mchimbaji mmoja akagonga meza akitaka ugali dagaa, na mimi, mwanamke nisiyefundishika, nikapakua sahani, nikafungua mdomo kuita, "Vumi—"

Bibi Zipora akaichukua sahani mkononi mwangu.

"Hajamaliza," akasema, akaipeleka yeye.