Mahindi Nayo ni Majani

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora, baada ya miaka ya kuhangaika huku na huku, Morogoro, Singida, kila mahali nikiondoka kabla sijazoeleka. Treni ilikaa Kaliua muda mrefu mpaka abiria wakaanza kupika uji kando ya reli. Hapo ndipo nilipomjua mtu ninayemwandika hapa. Alikuwa Msukuma, rika langu, anasafiri na mama yake kuwafuata ng'ombe wao ambao ndugu zake walikuwa wametangulia nao kwa miguu. Behewa zima lilikuwa limenuna. Yeye akasimama, akamwigiza mkagua tiketi, kisha akamwigiza mama mmoja anayeficha kuku chini ya kiti, watu wakacheka mpaka mama yake akajifunika khanga usoni kwa aibu. Tunashuka Mpanda, tayari tunaitana kaka. Wengine walimwita Ngosha, kama Wasukuma wengi wanavyoitwa ugenini, na mimi nikafuata.

Nilipanga chumba Ilembo. Sekondari iliniachia kitu kimoja tu nilichokipenda, maigizo, kwa hiyo nikaanzisha kikundi, na watu wakaanza kuniita Mwalimu. Alikuwemo Mfipa mmoja fundi baiskeli, vijana wawili wa Kibende, binti ambaye kwao walizungumza Kirundi, na Ngosha. Mazoezi yalikuwa nusu kazi, nusu kutaniana makabila. Nilipapenda kuliko mahali popote nilipowahi kuishi, na bado nikikaa peke yangu huwa nasikia kelele zile.

Msimu ule wakulima na wafugaji walikuwa hawaelewani. Viongozi wa mtaa mmoja wa pembeni wakatuomba igizo la kupatanisha watu. Nikaandika juu ya mfugaji mkorofi anayelisha shamba la mwenzake, halafu mwishoni anaomba radhi. Ngosha akataka awe mkulima.

"Kaka, ufugaji nimeucheza tangu nizaliwe. Leo nipe jembe."

"Lafudhi yako utaificha wapi?" nikamwambia. "Wewe ukisema shikamoo tu, watu wameshacheka."

Mfipa akadakia, "Jembe lenyewe huyu atalishika kwenye chuma."

"Na wewe ng'ombe utamkamua mkia," Ngosha akamjibu.

Tukacheka wote, na akachukua fimbo niliyompa.

Siku ya mkutano watu walikuwa hawatulii. Nikasimama mbele nikasema kwa sauti: "Haya mtakayoyaona leo ni ya kweli, yametokea hapa hapa." Wakanyamaza. Ngosha akaingia na shuka lake begani, akatazama shamba, akasema kwa ile lafudhi yake: "Kwa ng'ombe wangu, mahindi nayo ni majani!" Uwanja ukalipuka. Vicheko havikuisha mpaka mwisho, na mfugaji alipoomba radhi hakuna aliyemsikia.

Kuna mtu aliyerekodi kwa simu. Akakata kipande kile kimoja tu, kikazunguka kwenye magrupu. Sokoni wauza nyanya wakawa wanamwambia, "Ngosha, leo umelisha majani ya nani?" Mwanzoni aliwajibu kwa mzaha mkali kuliko wa kwao. Baadaye akawa anapita nyuma ya soko. Siku moja mama yake alinikuta barabarani, ndoo kichwani.

"Mwanangu," akaniambia, "huo mchezo wenu utaisha lini?"

Nikamwambia utaisha wenyewe. Wakati huo tulikuwa tumeshaalikwa kwenda kucheza mjini Inyonga, na mimi nilikuwa nikilisikiliza neno langu likisemwa na watu nisiowajua, na lilikuwa tamu.

Kisha shamba la mtu likalishwa kweli. Wafugaji walikuwa wengi upande ule, lakini aliyeitwa kwenye kikao ni Ngosha. Hakuna aliyetaka kufuata nyayo za ng'ombe zilikoelekea. Mwenye shamba aliinua simu juu, kipande kile kinacheza.

"Si huyu hapa? Anajisemea mwenyewe!"

"Hayo ni ya mchezo, wazee wangu," Ngosha akasema. "Nilipewa niseme."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, haya maneno aliyatunga nani?"

Niliyatunga mimi, peke yangu, nikiwa nimelala kitandani. Nikatazama zile nyuso. Nikakumbuka jinsi nilivyowaambia kwamba ni ya kweli. Nikaikumbuka Inyonga pia, siwezi kusema sikuikumbuka.

"Tuliyatunga pamoja," nikasema.

Ngosha hakunitazama. Alitazama kandambili zake za tairi. Kikao kikaamua familia yake iondoe mifugo eneo lile. Wakahama, mama yake juu ya bodaboda amepakata masufuria, ng'ombe mbele.

Inyonga tulicheza mara moja. Mfipa ndiye aliyevaa shuka, akaigiza lafudhi ya Ngosha, watu wakacheka kuliko Mpanda. Baada ya hapo nikawa natafuta sababu ya kutoitisha mazoezi, na kikundi kikafa bila mtu kutangaza.

Siku niliyoondoka Mpanda nisirudi tena, nilipanda basi la Tabora. Basi hilo hupita Inyonga. Liliposimama, wauza asali wakazunguka madirisha, na katikati yao nikamwona Ngosha. Yule binti wa Kirundi alikuwa amempigia simu kwamba ningepita hapo walikohamia. Alikuja mpaka dirishani kwangu akanipa kidumu cha maziwa mgando.

"Mama anakusalimia."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Kaka, nilimwona Mfipa siku ile mlivyokuja. Fimbo anaishika kama mwiko wa ugali!"

Sikujua kama alikuwa ananitania au ananisamehe. Basi likaanza kunguruma. Akashika ukingo wa dirisha.

"Ukitunga tena, safari hii mimi niwe mwenye shamba. Sawa?"

Nilitaka kumpa jibu zuri, haraka, kabla dereva hajaondoa gari. "Tutatunga pamoja," nikamwambia.

Kicheko kikafutika usoni mwake. Akaachia dirisha, akagonga bodi la basi kwa kiganja kama wafanyavyo makonda, na dereva akaondoa gari.