Mzima wa Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja mtaani kwetu Bondeni, mwanangu, nilipofuatana na shangazi yangu, Bi Rukia, kumpelekea jirani yetu mbaazi. Jirani huyo, Bi Zuhura, alikuwa mgonjwa wa sukari. Mlangoni tulimkuta mwanawe, Athmani, akitoka kwenda kazini Tudor.

"Mamako yuaje?" shangazi akamuuliza.

"Mzima. Nimemuuliza sasa hivi."

"Umemuona?"

"Amenijibu kutoka chumbani, Bi Rukia."

"Basi mzima ni mlango. Ndio uliouona."

Athmani alicheka. Shangazi hakucheka. Siku kadhaa alikuwa akisikia harufu ya udi kutoka nyumba ile tangu alfajiri, na hapakuwa na harusi wala mgeni. Akapiga hodi, akaingia, akaifunua leso aliyojifunika Bi Zuhura miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa umeoza hadi kifundoni; udi ulikuwa wa kuificha harufu yake.

"Nikimwambia Athmani, ataacha kazi," Bi Zuhura alisema. "Na hospitali watanikata."

Walimkata, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Tulimzika kabla ya wiki kwisha. Matangani Athmani alirudia maneno hayo hayo: "Nilikuwa nikimuuliza kila siku."

Tangu hapo nimelichunguza sana neno hili "mzima." Twasema mkate mzima, kikombe kizima, nyumba nzima: kitu kisichopungua wala kuvunjika. Mtu mzima ni aliyekomaa. Na tukisema fulani ni mzima, hana ugonjwa, au angalau yu hai. Lugha yetu hutanguliza kitu, kisha sifa ikafuata na kuchukua umbo lake. Katika salamu zetu za pwani, hata hivyo, jibu hutoka kabla mtu hajatazamwa, hata kwa anayeumwa, kwani ni adabu kutomtwisha mwenzako maradhi yako mlangoni. Adabu hiyo ni njema, sikwambii uiache. Ujue tu kwamba umesalimiwa, hujapewa habari.

Kwa hivyo, mwanangu, mzazi wako akikujibu "mzima," ingia ndani. Kaa naye kitandani. Mtazame macho, mikono, na miguu pia, hata akiona haya. Akikufukuza uende kazini, chelewa.

Mola akutunzie wazee wako, na akujaalie kuwaona kwa macho yako wangali wazima. Amina.