Mji wa Wajerumani Nilioupeleka Makambako

Shida zilinianza mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi. Mama alifariki, nikatolewa darasa la tatu ili nilee wadogo zangu, na tangu hapo sijakaa tena kwenye dawati. Nasema mapema ili mtu asinitafutie Kiswahili cha chuo. Kusoma najua, hesabu najua, na China nimekwenda mara kumi na tisa bila kushikwa mkono na mtu.

Safari ninayoieleza ni ya saba, mwaka 2008. Kabla ya hapo viza ilipatikana kama karanga. Mwaka ule Wachina walikaza. Pale Xiaobei, Guangzhou, kwenye mtaa wetu sisi Waafrika, askari walisimama milangoni mwa maghorofa ya maduka wakidai pasipoti, na wanaume wenye vifua vyao wakawa wanatokea mlango wa jikoni. Mimi sikukimbia. Nilikuwa na viza halali ya utalii, imebakiza siku nne. Tatizo, mzigo wangu ulihitaji siku nane kiwandani, na kuondoka bila mzigo ilikuwa ni kufunga duka langu la Makambako.

Mzigo wenyewe ulikuwa mabango, zile picha kubwa za kubandika sebuleni. Niliagiza aina kumi na mbili: Yesu na kondoo, Makka, bakuli la matunda, na nyingine za namna hiyo. Ya mwisho mwenye duka wa Yide Lu alinisukumizia tu. "Deguo, Deguo," alisema, yaani Ujerumani. Mji wa zamani, mto katikati, daraja la mawe, na kasri kubwa kilimani limebomoka upande mmoja. Nikamwambia nyumba mbovu nani atabandika ukutani, za kwetu tunazo. Akacheka, akaiandika.

Wakala wangu wa mizigo, mtu wa Tanga aliyezungumza Kichina kama anatukana, akasema twende ofisi ya viza tukaombe siku kumi za nyongeza.

"Lakini dada, watakuuliza umetalii wapi."

"Yide Lu na Zhanqian."

"Hayo ni masoko!"

"Nimeyaona kwa macho yangu. Utalii si kuona?"

"Dada, una gundi ya makatoni kwenye kucha. Kesho nenda kapige picha vitu vya kale. Na tafadhali, usiulize bei."

Basi nikatalii, kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa na miaka hamsini na miwili. Nilianza na lile kanisa kubwa la mawe la Yide Lu. Safari sita nimepita mbele yake, nikilijua kama mahali mikokoteni inapokwama. Kumbe lina minara miwili. Kisha nikaenda kisiwa cha Shamian, ambako Wazungu wa zamani walijijengea majumba kando ya mto. Kuna sanamu njiani. Moja niliigonga kwa kidole nijue ni shaba kweli au plastiki. Ilikuwa shaba. Halafu nikapanda boti ya mtoni. Wenzangu walishangaa majengo, mimi nikatazama makontena. Miguu iliniuma kuliko siku ya kununua, maana mnunuzi hupewa kiti.

Kesho yake tukaenda ofisi ya viza. Ofisa alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani kwenye kamba. Aliuliza nimeona nini Guangzhou. Nikaweka kamera mezani kwa maringo.

Sasa, sisi wafanyabiashara tukipiga picha ya sampuli tunashika kadi ya duka pembeni, vitoke vyote viwili. Usipofanya hivyo, ukirudi hotelini hujui chupa ipi ya chai ni ya duka lipi. Mkono umezoea. Kanisa nilikuwa nimelipiga na kadi ya duka la vikombe la jirani. Jumba la Shamian, na kadi ya hoteli. Mto, na tiketi ya boti. Mimi mwenyewe sikuwemo hata kwenye moja, vidole tu.

Ofisa alibonyeza moja moja, akasema neno. Wakala akanitafsiria kwa sauti ya msibani: "Anauliza kama unataka kununua kanisa."

"Mwambie bei sikuuliza. Wewe ulinikataza."

Yule mama akaendelea kurudi nyuma kwenye picha, akapita utalii wangu wote, akafika kwenye sampuli ya bango la Deguo. Akasita. Akauliza kama huko pia nimefika.

"Sema ndiyo, dada," wakala akanong'ona. "Mtalii mkubwa wewe."

Sikupenda kudanganya mbele ya muhuri. "Sijafika. Hiyo ni karatasi, nauza. Kwetu watu hawana nauli ya kwenda huko, kwa hiyo mji nawapelekea mimi."

Wakala akatafsiri huku jasho linamtoka. Ofisa akajibu kwamba hata yeye hajafika, kazi yake ni kugonga mihuri ya wanaokwenda. Akagonga. Siku mbili.

"Ukweli wako umekula siku nane," wakala aliniambia nje.

Tukaenda kiwandani moja kwa moja. Yesu, meiyou, hakuna. Makka, meiyou. Matunda, meiyou. Iliyokuwa tayari kwa mashine ilikuwa Deguo peke yake. Nikamwambia mwenye kiwanda achape Deguo, oda nzima. Nikapakia, nikaondoka siku ya mwisho ya viza.

Makambako mteja wa kwanza akauliza, "Mama, huku ni wapi?"

"Ujerumani. Ndiko nilikotoka juzi."

Mbele ya serikali nilisema kweli. Mbele ya mteja nilikuwa kazini. Nikamtembeza kwa kidole: hapa darajani unalipa, kule juu alikaa mfalme, huu mto una samaki ila wavivu. Akachukua matatu. Mzigo uliisha kabla ya Krismasi. Baadaye mchungaji mmoja Mjerumani alishangaa mbona kila nyumba anayoalikwa chakula anakuta mji wa shangazi yake ukutani. Wakamwelekeza kwangu. Nilimuuzia mawili.

Leo nina nyumba mbili Makambako, moja nimepangisha. Fremu nne za maduka. Shamba la miti ekari kumi na tano. Ng'ombe wa maziwa sita. Lori moja. Kisima kimoja.